Kiuno kiliachiwa mara mbili, pindo halikuguswa: kisa cha mvulana wa miaka 9, Usa River

Dalili ya kwanza haikutoka hospitali, ilitoka kwa fundi cherehani. Ndani ya mwaka mmoja suruali ya shule ilirudishwa kwake mara mbili ili aachie kiuno, na mara zote mbili pindo la chini alilikuta linatosha. Maana yake mtoto alikuwa ananenepa kwa kasi kuliko anavyorefuka. Nyumbani hakuna aliyeisoma hivyo. Bibi aliona mjukuu amenawiri, baba akaona ada ya shule yenye chakula inafanya kazi yake.

Mtoto huyu ni wa mfano. Hali zake zimekusanywa kutoka mambo yanayojirudia katika nyumba za ukanda wa Tengeru hadi Maji ya Chai, mashariki ya Arusha. Ni mvulana aliyetimiza miaka 9 mwezi Januari, anaanza darasa la nne katika shule binafsi mjini Arusha, anaishi Usa River na baba, mama, bibi na mdogo wake wa kike wa miaka 3. Wazazi wote wawili wanashinda kazini mjini. Bibi ndiye anayeshika jiko.

Namba 21.8 na jibu la uongo la simu

Alipimwa akakutwa na kilo 38.0 na urefu wa sentimita 132. Ukigawanya kilo kwa 1.32 × 1.32 unapata 21.8, ule uwiano wa uzito na urefu unaoitwa BMI. Baba aliingiza vipimo hivyo kwenye programu ya simu, ikamjibu "kawaida", na mjadala ukafungwa kwa wiki kadhaa. Kosa ni kwamba programu ile ni ya watu wazima, ambao kwao uzito uliozidi huhesabiwa kuanzia 25. Mtoto husomwa kwa umri na jinsia yake. Katika chati za Shirika la Afya Duniani za mwaka 2007, zinazohusu miaka 5 hadi 19, mvulana wa miaka 9 aliye katikati kabisa ana takriban 16.0. Uzito uliozidi huanzia karibu 17.9, na ukivuka 20.5 hivi tayari ni kiribatumbo, yaani unene wa kupindukia. Kwa hiyo 21.8 ambayo simu iliipa alama nzuri ilikuwa upande mbaya wa mstari wa pili.

Kwa nini hakuna aliyeona mapema? Kadi ya kliniki inaishia miaka 5, na familia nyingi huacha kwenda mara chanjo za mwisho zikikamilika. Baada ya hapo mtoto hupimwa akiugua tu, tena uzito peke yake kwa ajili ya dozi. Miaka minne ya ukuaji inapita bila mstari wowote kuchorwa.

Vipimo vyenyewe vinaweza kufanyika nyumbani kama vikifanywa kwa makini. Mizani ikae kwenye sakafu ngumu, si juu ya kapeti. Mtoto asiwe na viatu wala sweta. Urefu: visigino, makalio na mabega viguse ukuta, macho yaangalie mbele, kitabu kigumu kilazwe kichwani kikiunda pembe mraba na ukuta, upige alama kwa penseli. Rudia mara mbili. Zikitofautiana zaidi ya nusu sentimita, anza upya. Hili si jambo dogo, maana kosa la sentimita 1 tu lingempeleka mtoto huyu kutoka 21.8 hadi 22.1.

Kabla ya mpango mpya wa chakula kuanza, alipelekwa kwa daktari, na hatua hii isirukwe. Yapo mambo ambayo chakula peke yake hakiyaelezi: mtoto anayenenepa huku amesimama kurefuka (mnene wa kawaida huwa mrefu kuliko wenzake au sawa nao), anayekoroma na kukatika pumzi usingizini, mwenye ngozi nyeusi nene kama mahameli shingoni, anayekunywa na kukojoa kupita kawaida, au anayechechemea kwa maumivu ya nyonga au goti. Hayo ni ya hospitali ya mkoa, Mount Meru kwa Arusha au Mawenzi kwa Moshi, na si ya kubahatisha kwa mazoezi. Huyu alikuwa na koromeo safi, shinikizo la damu la kawaida na ukuaji mzuri wa urefu. Daktari alibaki na jambo moja la kushughulikia, nalo ni ratiba ya siku nzima.

Sukari haikuwa kwenye sahani

Mama alitakiwa kuandika siku tatu, mbili za shule na moja ya Jumapili, kila kinachoingia mdomoni pamoja na kipimo chake. Kinachohesabika hapa ni kuandika vinywaji, kwa sababu watu huandika "ugali, maharage, mnafu" wakasahau kikombe kilichokaa pembeni.

Siku ya shule ilikuwa hivi. Alfajiri, kikombe kikubwa cha chai na vijiko vitatu vya chai vya sukari vilivyojaa hadi kilima. Kijiko cha namna hiyo hubeba gramu 6 hivi, kwa hiyo 18. Mapumziko ya asubuhi, maandazi mawili na juisi ya paketi ya mililita 250, gramu 27. Mchana chakula cha shule, makande au wali maharage, na hapa hakuna cha kulaumu. Akishuka kwenye basi jioni, soda ya chupa ya mililita 350 iliyomsubiri kwenye friji, gramu 37. Usiku chai nyingine, 18. Jumla ni gramu 100, bila kuhesabu sukari ya maandazi wala pipi za shilingi 1,000 anayopewa kila siku.

Mtoto wa umri huu anahitaji takriban kilokalori 1,800 kwa siku. Pendekezo la kimataifa ni kwamba sukari ya kuongezwa, pamoja na ya asali na ya juisi, ibaki chini ya asilimia 10 ya hizo, yaani gramu 45, na ingefaa zaidi ishuke hadi asilimia 5, gramu 22 au 23. Chai mbili peke yake zilikuwa 36. Na juisi ya kusaga nyumbani haina msamaha: tunda likisagwa na kuchujwa, sukari yake inahesabiwa pamoja na ile ya kuongezwa, tena wengi huongeza vijiko vingine juu. Tunda litafunwe.

Cha pili kilichojitokeza ni mafuta. Njia rahisi ya kuyapima haihitaji kijiko: andika kwa kalamu tarehe ya kufungua dumu. Dumu la lita 3 lilikuwa linaisha kwa siku 12 kwa watu watano, sawa na mililita 50 kwa kila mtu kwa siku, kilokalori zipatazo 400. Mboga ilikuwa inaogelea.

Kwa nini soda na si maji

Hapa ndipo ushauri mwingi wa lishe unapovunjika, kwa sababu umeandikwa kwa ajili ya mahali pengine. "Mpe maji" ni rahisi kusema Mbeya au Bukoba. Ukanda huu wa kusini-mashariki ya Mlima Meru unajulikana kwa maji yenye floraidi nyingi, madini yanayoharibu rangi ya meno, na watu wazima waliokulia hapa wana meno ya kahawia yanayowashuhudia. Baba ni mmoja wao. Hakutaka mwanawe acheke kwa kuficha mdomo kama yeye, basi akaamua mtoto asinywe maji ya bomba. Badala yake zikaingia katoni za juisi na kreti la soda. Ulikuwa uamuzi wa upendo, na hofu yake ilikuwa na msingi. Kosa lilikuwa kwenye mbadala.

Mambo matatu yalibidi yanyooshwe. La kwanza, kuchemsha hakuondoi floraidi. Maji yakipungua sufuriani, floraidi inabaki na kuwa nzito zaidi. La pili, madhara ya rangi kwenye meno hutokea wakati jino bado linajengwa ndani ya ufizi, na kwa meno ya mbele ya ukubwani kazi hiyo huwa imekwisha karibu na miaka 8. Kwa hiyo aliyestahili kulindwa zaidi nyumbani mle ni mdogo wake wa miaka 3, ambaye hakuna aliyekuwa akimfikiria. Naye alikuwa anapikiwa uji kwa maji yale yale. La tatu, magadi. Yale yanayotiwa kwenye maharage na kiburu (ndizi zilizopondwa na maharage) ili yaive haraka huweza kubeba floraidi yake yenyewe, yanaongeza sodiamu, na yanaua baadhi ya vitamini za mboga. Maharage yakilowekwa usiku kucha na maji ya kulowekea yakamwagwa, magadi hayahitajiki.

Suluhisho lilikuwa juu ya paa. Maji ya mvua karibu hayana floraidi. Watu watano kwa lita 3 kila mmoja za kunywa na kupikia ni lita 15 kwa siku. Kiangazi cha Juni hadi Oktoba ni siku 150 hivi, yaani lita 2,250. Simtanki la lita 3,000 linatosha, ilimradi lisiguswe kwa kufulia wala kuoshea gari. Bati la mita za mraba 40 hukusanya lita 300 na zaidi kwa mvua ya milimita 10. Maji ya mwanzo wa msimu yamwagwe maana yanaosha vumbi na kinyesi cha ndege, mdomo wa tangi uwekwe wavu, na ya kunywa yachemshwe kwa ajili ya vijidudu. Asiye na paa linalofaa ana njia ya chujio la mkaa wa mifupa, teknolojia iliyofanyiwa kazi kwa miaka mingi katika kituo cha utafiti cha Ngurdoto, jirani kabisa. Mkaa huo huchoka na lazima ubadilishwe. Chujio lililosahauliwa linatoa maji masafi kwa macho na floraidi ile ile.

Wiki tatu zilizopotea

Kabla ya hayo yote familia ilijaribu njia yake. Ndizi na ugali wa usiku vilipigwa marufuku, mtoto akabaki na mboga na kipande cha nyama. Kila Jumamosi baba alimkimbiza kilomita 5 kandokando ya lami. Wiki ya kwanza alipungua kilo moja na watu wakafurahi. Wiki ya pili maganda ya biskuti yalikutwa chini ya godoro. Wiki ya tatu goti liliuma, mbio zikaisha, na kilo ikarudi.

Kila hatua ilikuwa na sababu ya kushindwa. Mtoto aliyenyimwa wanga usiku analala na njaa na kuifidia kesho kwa shilingi 1,000 yake. Vinywaji, vilivyokuwa na kilokalori 400 za sukari, havikuguswa hata siku moja. Mbio ndefu mara moja kwa wiki kwa mwili usiozoea zinaumiza viungo, na kwa kuwa zilitolewa kama adhabu, mtoto alijifunza kuchukia kukimbia. Jina "bonge" lilianza kutumika nyumbani wiki hizo hizo. Lilipigwa marufuku kwanza, kabla ya soda.

Lengo nalo halikuwa sahihi. Mtoto wa miaka 9 asiye na tatizo jingine hahitaji kukonda. Anahitaji kusimamisha uzito huku urefu ukimfikia. Kwa sentimita 5 au 6 za mwaka, kilo 38 zile zile zikiwa kwenye sentimita 138 zinatoa 20.0 hivi. Hakuna chakula cha kuondolewa mezani ili hilo litokee.

Basi la saa 11 na nusu

Kwa kuwa anaishi mbali kuliko wote, basi la shule humchukua wa kwanza, saa 11 na nusu alfajiri, na kumshusha wa mwisho, saa 11 na nusu jioni. Anaamka saa 10:45. Akimaliza kazi za shule na tamthilia ya bibi, analala saa 4 usiku. Hiyo ni chini ya saa 7 za usingizi kwa mtoto anayehitaji 9 hadi 12, na mwili usiolala huongeza njaa, hasa ya vitamu. Sehemu kubwa ya unene wa watoto wa mijini imefichwa ndani ya ratiba ya basi, lakini ni nadra mtu kumhoji dereva.

Michezo shuleni ilikuwa kipindi kimoja cha dakika 40 kwa wiki. Darasa la nne lina upimaji wa kitaifa, basi kipindi hicho ndicho cha kwanza kugeuzwa marudio ya hisabati. Ukijumlisha, mtoto huyu hakufikisha dakika 20 za kutokwa jasho kwa siku, wakati kinachopendekezwa kwa miaka 5 hadi 17 ni wastani wa dakika 60, na angalau siku tatu za wiki ziwe na shughuli za nguvu, za kuimarisha misuli na mifupa.

Wazazi waliomba mambo mawili shuleni. Moja lilikataliwa: njia ya asubuhi haikubadilishwa. La pili lilikubaliwa bila gharama: jioni ashushwe pamoja na watoto wengine watatu kwenye njia panda, kilomita 1.2 kabla ya nyumbani, ambako bibi na mdogo wake huwasubiri. Ni mwendo wa dakika 18 hadi 20, kwa njia ya ndani isiyo na bodaboda nyingi. Usingizi ukatafutwa upande wa pili wa usiku: chakula saa 1, taa kuzimwa saa 2 na dakika 15. Hapo anapata saa 8 na nusu siku za shule, na Jumamosi hafukuzwi kitandani. Bado hazifiki 9. Ndivyo basi linavyoruhusu.

Dakika nyingine zikagawanywa vipande. Nusu saa ya uwanjani na wale watatu kabla giza halijaingia: rede, kombolela, kuruka kamba, chandimu ya mpira wa makaratasi. Kamba ni bora kuliko inavyodhaniwa kwa mifupa, lakini kwa mtoto mzito ianze na mizunguko 20 kisha apumzike, juu ya udongo, si saruji. Kipimo cha nguvu ni sauti: akiweza kuzungumza lakini asiweze kuimba, yuko mahali pake. Baridi na manyunyu ya Juni na Julai yasiwe kisingizio. Kamba inaruka hata barazani, na kuchota ndoo ya lita 5 kutoka tangini mara nne ni kazi halali.

Sahani, kwa mkono wa bibi

Bibi ndiye aliyekuwa mgumu, na ndiye aliyeufanya mpango usimame. Kumwambia "mtoto anakula sana" ni kumtukana mpishi. Aliombwa badala yake arudishe mapishi yake: mtori mwepesi, mnafu, maharage, parachichi la mti wa nyuma, maziwa mgando bila sukari. Dumu la mafuta likapewa lengo la siku 24.

Chai ilishushwa kijiko nusu kila wiki mbili. Kuikata ghafla huleta vita. Kwa mwendo huu ulimi hauoni, na ndani ya miezi mitatu alibaki na kijiko kimoja cha kukwangua, gramu 4. Chai ya usiku ikaondolewa karibu na chakula, maana huzuia madini ya chuma ya maharage na mboga yasinyonywe. Mtoto mnene anaweza kabisa kuwa na upungufu wa damu.

Asubuhi, yai la kuchemsha na mkate au kiazi kitamu. Begi la shule: chupa ya maji ya mililita 700, ndizi mbivu moja na karanga ujazo wa kiganja chake. Shilingi 1,000 ikawa ya Ijumaa tu. Usiku, wanga wa ukubwa wa ngumi yake moja na nusu, upawa wa maharage au kipande cha nyama, mnafu nusu kikombe uliopikwa, na akitaka kuongeza aanzie kwenye mboga. Kwa miaka 6 hadi 9 matunda na mboga vifike gramu 350 kwa siku: nusu parachichi, ndizi mbivu moja, kipande cha papai na ile nusu kikombe ya mnafu vinakaribia hapo. Jumatano na Jumamosi ni siku za soko Tengeru, na ununuzi wa matunda ukapangwa kuzifuata ili yasiishe katikati ya wiki. Soda ikabaki Jumapili, moja, ya familia nzima ikiwa mezani. Sheria ikawa ya wote, baba akiwemo. Hakuna mtoto anayekunywa maji huku baba anafungua chupa.

Mwaka ulivyokwenda

Aprili: kilo 38.4, sentimita 133.4, uwiano 21.6. Mama alikata tamaa kwa kuona kilo zimepanda. Urefu ndio uliokuwa umefanya kazi. Julai: kilo 37.9 kwa 134.8, yaani 20.9. Mizani ilitolewa kila baada ya miezi mitatu tu, mlango ukiwa umefungwa, bila hadhira.

Septemba shule ilianza masomo ya ziada ya Jumamosi kwa ajili ya upimaji, na mchezo ukapungua kwa miezi miwili. Desemba familia ilikwenda Marangu kwa upande wa mama, wiki tatu za nyama, pilau na soda kwa kreti kutoka kwa wajomba ambao hawakusoma mpango wowote. Ilitegemewa. Kilichokubaliwa mapema ni kimoja: chai isirudi kwenye vijiko vitatu. Milima ya kule nayo ilimtembeza kuliko Usa River, kila siku kupanda na kushuka kwa ndugu.

Januari, akitimiza miaka 10: kilo 39.0, sentimita 137.6, uwiano 20.6. Mstari wa kiribatumbo kwa umri huo uko karibu 21.4, kwa hiyo amerudi chini yake, ingawa uzito wake bado umezidi. Ule mstari wa kwanza kwa umri huo uko 18.5. Kwa mwendo huu unahitajika mwaka mmoja mwingine na kidogo. Basi limepata njia mpya, anachukuliwa saa 12 kamili. Simtanki lilikauka siku tisa kabla ya vuli kwa sababu mtu aliosha gari.

Suruali ilipelekwa tena kwa fundi kabla shule hazijafunguliwa. Alishusha pindo kwa sentimita 4. Kiuno hakukigusa.